Lambert Barampama na Miji ya Miungu

Leo Jumamosi, tarehe 16 Agosti 2014, tumekuja kumzika Lambert Barampama, mwalimu. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake, Emérite.

Marehemu alizaliwa Gitega, Burundi, tarehe 14 Machi 1966. Alisomea ualimu Bujumbura, kisha akafundisha jiografia Rumonge kwa miaka kumi na sita. Ugonjwa wake ulikuwa majina ya miji, hasa yaliyotokana na miungu ya Wagiriki. Wanafunzi walimjua fika: ukitaka asikague kazi ya nyumbani, muulize Athene ilipataje jina. Basi hapo ataweka chaki chini, aeleze jinsi Poseidoni, mungu wa bahari, alivyowapa wenyeji chemchemi ya maji ya chumvi, mungu wa kike Athena akawapa mzeituni na kushinda, mpaka kengele ilie.

Mwaka 1997 alimwoa Hélène, na mwaka 1999 wakajaliwa binti, Sonia. Hélène alifariki mwaka 2006. Aprili 2008 Lambert alimwacha Sonia kwa bibi yake, akaja Johannesburg, akiahidi kumchukua kabla ya Krismasi.

Alipanga chumba mtaa wa La Rochelle, akapata kazi ya kulinda geti la ofisi huko Randburg. Aliona aibu, akamwambia Sonia anafundisha. Kila Jumapili alimpigia simu akiwa zamu, na kila Jumapili mtoto aliuliza, "Papa, utakuja kunichukua lini?" Lambert alimjibu kwa mji. Jumapili hii Ermoupoli, mji wa Herme, mungu wa wafanyabiashara na wasafiri. Jumapili ijayo Monako, kutokana na hekalu la shujaa Herakle aliyekaa peke yake. "Eish, huyo naye alipanga chumba kimoja," alitania, akacheka mwenyewe. Mwishowe Sonia aliacha kuuliza. Upweke ulimla kaka yetu, nasi ndugu zake hapa mjini tulikuwa na shughuli zetu. Tunasema hivyo kwa uchungu.

Februari 2014 alianza kuugua ini. Alipolazwa mwezi Julai alimwambia Emérite, "Mwite Sonia aje. Mwambie ukweli, mimi ni mlinzi."

Emérite alipompigia simu, Sonia alijibu, "Shangazi, najua tangu zamani. Kwenye simu nilikuwa nasikia watu wakimwomba afungue geti."

Lambert alipoambiwa alilia kwa sauti, kisha akauliza basi la Sonia litafika lini. Alifariki Jumamosi, tarehe 9 Agosti, saa nne asubuhi.

Ameacha ndugu zake, akiwemo mdogo wake, Emérite, na binti yake, Sonia, aliyefika Alhamisi, siku tano baadaye.

Lala kwa amani, mwalimu. Mtoto amefika.