Taa za Mchana za Hezekiah Ngatia

Wasikilizaji wapendwa, hapa kwetu ukiona gari linakuja na taa zinawaka, na ni mchana, unauliza swali moja tu. Nani amekufa?

Huwezi kulaumiwa. Kutoka Mweiga mpaka Wamagana, taa za mchana tumezoea kuziona kwenye matanga. Magari yanafuatana polepole, taa zinawaka, na aliye kando ya barabara anasimama na kuvua kofia. Harusi nayo ina maua na honi, haijifichi. Sasa wewe ukiwasha taa mchana bila maiti na bila bibi harusi, unawapa watu kazi ya kubuni.

Leo tunamkumbuka mtu aliyewapa watu kazi hiyo miaka mingi. Jina lake Hezekiah Ngatia, wa Mweiga, dereva wa pikapu ya maziwa. Alifariki mwezi uliopita akiwa na miaka sabini na mmoja. Hakufa barabarani. Tuliseme hilo mapema, maana tunajua mnachongojea. Alianguka nyuma ya nyumba yake akiosha mitungi ya maziwa, moyo ukasimama. Taa hazikuhusika.

Lakini kumbukumbu ya leo tutaisimulia kutoka upande wa mke wake, Magdaline. Ni yeye ambaye taa zile zilimtesa.

Pikapu ya Ngatia ilikuwa ya kijivu. "Gari yangu iko na rangi ya mvua," alipenda kusema. "Mvua ikinyesha, mimi siko." Kwa hiyo alijiwekea sheria. Waipa zikianza kufuta kioo, taa zinawaka. Ukungu ukishuka kutoka Aberdare, taa. Vumbi la lori lililotangulia, taa. Jua la asubuhi likiwa chini, linampiga machoni anayekuja mbele, taa. Na pale kwenye mikaratusi, ambapo barabara ina giza la jikoni hata saa sita, taa. Ukijumlisha mvua, ukungu, vumbi, jua na miti, hakuna sehemu iliyobaki kati ya Mweiga na Nyeri. Mwishowe akawa anawasha akitoka na kuzima akifika.

Na zilikuwa taa za chini, zile madereva wanaita dimu, zisizomchoma mtu macho. Hakuwasha zile ndogo za kuegeshea, ambazo kwenye ukungu hazimwambii mtu chochote. Hazadi nazo alizichukia. Mtu akiendesha kwenye mvua huku indiketa zake zinapigapiga pande zote mbili, Ngatia alisema, "Huyu sijui anakata kushoto, anakata kulia, ama amesimama. Na yeye pia hajui."

Akiulizwa kwa nini anawasha taa na anaona vizuri, alijibu, "Taa ya mchana si ya mimi nione. Ni ya wewe unione."

Madereva wenzake walimhurumia. Walipopishana naye walinyoosha mkono dirishani, wakafumba na kufumbua vidole, kumwambia kwamba amesahau taa. Ngatia aliwapungia mkono, kana kwamba amesalimiwa. Na kwenye steji ya matatu pale Mweiga alikaa mzee Mugo, muuza viazi, ambaye aliivulia kofia pikapu ile kila ilipopita. Mwanzo ilikuwa heshima ya kweli. Baadaye ikawa mzaha.

"Ngatia, leo mnazika nani?"

"Tunazika maziwa!"

Wote walicheka isipokuwa Magdaline.

Wasikilizaji wapendwa, Magdaline alizaliwa Wamagana. Alipokuwa msichana mdogo, kaka yake alikuwa akifanya biashara kule Kenol. Siku moja mchana, Magdaline akiwa langoni na sufuria mkononi, aliona magari yanapanda kilima yakiwa yamewasha taa. Jua lilikuwa kali. Alidhani ni wageni, akakimbia ndani kuwaita wazazi, akipiga kelele za furaha. Kaka yake alikuwa ndani ya sanduku.

Hilo halikumtoka. Taa za mchana kwake zilikuwa mwito, na alisema wazi kwamba anayeziwasha bila msiba anauita msiba. Kwa hiyo hakupanda pikapu ya mumewe. Mke wa mwenye gari alikwenda kanisani kwa miguu. Akienda kumwona dada yake Wamagana, alilipa nauli kwa watu wengine, na majirani hawakukosa la kusema.

"Baba Murugi, zima hiyo mataa, nipande," alimwambia.

"Mama Murugi, nikizima, mimi ndio sitaki upande."

Walikuwa wakibishana hivyo langoni, kisha kila mmoja akashika njia yake. Hawakugombana kwa mengine. Walipendana, na kila mmoja alikuwa akimwogopea mwenzake. Ila hofu zao hazikuweza kukaa kwenye kiti kimoja.

Ikaja mvua ya masika ya mwaka fulani, na Magdaline akashikwa na nimonia. Alikuwa hapumui vizuri. Binti yao Murugi alimfunga blanketi jekundu na kumtoa nje, mpaka mlangoni pa pikapu. Hata hapo, akitetemeka, alikataa kupanda.

"Umezima?"

Ngatia akazunguka mbele ya gari, akamwonyesha. Taa zilikuwa zimezimwa.

"Nimezima."

Magdaline akatazama mwenyewe, akaridhika, akapanda, akafumba macho. Njiani alisinzia. Alishtuka mara moja tu, gari liliposimama ghafla.

"Ni nini?"

"Ni ng'ombe wanavuka. Lala."

Akawasikia ng'ombe wenyewe wakilia, karibu kabisa. Akalala tena. Walifika hospitali mjini Nyeri, akatibiwa, akapona.

Basi kuanzia hapo Ngatia hakupewa nafasi ya kupumua. Magdaline alikuwa amepata ushahidi. Mbele ya akina mama wa kanisa, mbele ya mashemeji, mbele ya Mugo na viazi vyake, alisimulia kesi yake. "Siku ile nilikuwa karibu kufa, mzee alizima taa kwa sababu yangu. Mvua ilinyesha. Ukungu ulikuwepo. Na si tulifika?" Kila aliposimulia, Ngatia alikunywa chai yake na kunyamaza. Watu walidhani ameshindwa.

Mara nyingine hakuna anayeujua ukweli wa nyumba kuliko anayekunywa chai kimya. Usilolijua ni usiku wa giza.

Ngatia alipofariki, watu walifika Mweiga kumfariji mjane. Alasiri moja akaja mgeni asiyejulikana na yeyote pale. Alibeba sukari na majani chai. Alijitambulisha kama Abdihakim, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Nanyuki. Akakaa mbele ya Magdaline, akasema hivi.

"Mama, pole sana. Mungu amrehemu mzee. Mimi na yeye tulikuwa tunasalimiana barabarani. Yeye ndiye aliniokolea maisha yangu."

Magdaline akamuuliza ni vipi.

"Ilikuwa inanyesha. Nilikuwa natoka Nyeri, nimebeba ng'ombe wa mteja huku Mweiga. Mbele yangu kulikuwa na lori ya viazi, inatembea kama kinyonga. Nikaona barabara ni wazi. Nikatoka niovateki, niipite. Nimefika katikati, nikaona taa mbili kwa ukungu. Taa tu, mama. Gari yenyewe sikuiona mpaka ilipofika karibu. Nikarudi nyuma ya viazi haraka, lori yangu ikateleza, nikasimama kando. Mzee pia akasimama. Nikashuka kumwomba msamaha. Nikafika kwa dirisha, akaweka kidole kwa mdomo. Akasema, 'Pole pole, usimwamshe.' Kando yake kulikuwa na mama amelala, amejifunika blanketi nyekundu."

Magdaline alimtazama yule mgeni.

"Hao ng'ombe wako," akasema, "walikuwa wanalia?"

"Walilia sana, mama. Lori ilikuwa imewarusha."

"Kwa hivyo hakukuwa na ng'ombe wanavuka."

"Kuvuka? Hapana, mama. Walikuwa wamebebwa."

Murugi alikuwa shambani wakati huo, akaja kuyasikia baadaye. Anasema mama yake alikasirika kwanza. "Alikasirika kabisa. Ati miaka hiyo yote anamwacha aongee mbele ya watu, na yeye anajua! Alitaka kumuuliza, na sasa angemuuliza nani?" Kisha Magdaline aliingia jikoni, akafunga mlango, akalia. Alilia kwa sababu mume wake alimdanganya, na kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa hai, na kwa sababu hakuwa na wa kumshukuru.

Siku ya mazishi, magari yote yaliwasha taa. Magdaline alikaa kwenye basi la kanisa, macho ameyafumba, kama alivyofanya kwenye matanga maisha yake yote. Kujua ni kitu kimoja. Kuzoea ni kingine.

Sasa njia ya maziwa inaendeshwa na Murugi. Pikapu ni ile ile ya kijivu. Wiki iliyopita Magdaline alitakiwa kwenda kliniki mjini, na manyunyu yalikuwa yameanza. Murugi alileta gari mlangoni, akazima taa kwa makusudi, ili mama aone. Hakubuni jambo hilo mwenyewe. Baba yake alimfundisha alipokuwa akimfundisha gia: ukimbeba mama yako, zima akiwa nje, washa mkishatoka langoni.

Magdaline akapanda. Akafumba macho. Wakatoka langoni, Murugi akabonyeza swichi taratibu, bila sauti.

"Umewasha?" mama akauliza.

"Nimezima, mama."

Magdaline akafumbua macho. Mbele yao kulikuwa na lori, na taa zao zilikuwa zikimulika matone mgongoni mwake.

"Wewe ni mtoto wa baba yako," akasema. "Uongo mmoja, waongo wawili."

Murugi akanyoosha mkono azime. Magdaline akaushika ule mkono.

"Wacha. Wacha iwake."

Anasema bado alimwona kaka yake, na lile lango, na ile sufuria. Lakini hakufumba macho tena. Walipofika steji ya Mweiga, mzee Mugo aliiona pikapu ya Ngatia inakuja na taa zake, akasimama, akavua kofia. Safari hii hakutania. Magdaline akafungua dirisha, mvua ikamwingia usoni, akampigia kelele.

"Vaa kofia, Mugo, unanyeshewa! Hakuna mtu amekufa. Mimi ndio naenda kliniki."

Wasikilizaji wapendwa, kwa mama Magdaline, kwa Murugi, na kwa jamaa wote wa Hezekiah Ngatia kule Mweiga na Wamagana, poleni sana. Kwa Abdihakim wa Nanyuki, asante kwa kufika na kusema.

Na wewe unayetusikiliza ukiwa kwenye usukani, tazama kioo cha mbele. Kama waipa zinafanya kazi, kama huoni vizuri mti ulio mbele, kama gari lako ni la rangi ya mvua, washa taa za chini. Atakayekuonyesha vidole, mpungie. Tumezoea kuwawashia waliokufa. Yule mama wa blanketi jekundu alikuwa hai, na bado yuko hai.