Papa Munyakazi, Aliyewapanga Zombi Mstari

Jumamosi hii, tarehe 5 Julai, Papa Munyakazi Barthélemy anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi hapa Institut Tuendelee, Kalembe. Septemba itakapofika, kengele yetu, ile rimu ya gurudumu la lori inayoning'inia mbele ya ofisi, itagongwa na mkono mwingine. Tumeijaribu wiki hii bila yeye. Ililia kama sufuria.

Kwa wageni wasiojua Kinyarwanda, Munyakazi maana yake ni mfanyakazi. Wazazi wake walimaliza wasifu huu siku walipompa jina; mimi naongeza maneno tu. Alizaliwa kwenye vilima vya Kirolirwe, katika familia ya wakulima wa maharagi waliopakana na ng'ombe wa watu. Anasema nidhamu aliisomea huko, maana ng'ombe aliyekwisha kuonja maharagi hahitaji hotuba, anahitaji mtu wa kusimama mlangoni.

Alikuja Kalembe kufundisha historia. Haikuchukua muda uongozi ukagundua sauti yake na kumfanya mkurugenzi wa nidhamu. Akipaza sauti uwanjani, wanafunzi wa shule ya msingi ya ng'ambo ya bonde walikuwa wanachomeka mashati, na wala si wake.

Kazi yake kubwa, kama mnavyojua, ni mstari wa asubuhi. Kila darasa husimama mtu nyuma ya mtu. Papa Munyakazi akisema "Prenez distance!", kila mmoja ananyoosha mikono mbele mpaka kwenye mabega ya mwenzake, mstari unanyooka, mikono inashuka. Kisha anaita majina, yote kwa kichwa, na kila mtu anajibu "Présent!" Sheria zake ni mbili. Ya kwanza: hakuna kumjibia mwenzako. Ya pili: aliyechelewa hafukuzwi, anafagia kiwanja. Alituambia sisi walimu kwamba mtoto ukimfukuza leo, umemfundisha njia ya kutorudi.

Sasa tuje kwenye zombi, maana najua wengine mmeanza kusoma hapa.

Miaka sita iliyopita, mwanafunzi wetu Tumukunde, aliyekuwa bado mdogo lakini mdomo wake ulikuwa umekwisha kukomaa, aliunda klabu ya filamu. Klabu ilikuwa na simu moja yenye kioo kilichopasuka, iliyofungwa kwa kamba ya mpira kwenye mpini wa jembe. Filamu ya kwanza ilihusu zombi wanaovamia shule ya sekondari. Nyuso zilipakwa unga wa muhogo. Damu ilikuwa mawese, mpaka akina mama walipogundua mashati na chupa tupu, ndipo klabu ikahamia maji ya maharagi mekundu. Maji ya maharagi hayafanani sana na damu, lakini mbuzi waliyapenda. Katika filamu ya kwanza kuna zombi mkali anayenguruma huku mbuzi anamlamba shavu, na ananguruma mpaka mwisho. Hiyo naiita sanaa.

Préfet wetu, yaani mkuu wa shule, Papa Jean-Claude, alitoa ruhusa ya kupiga filamu Jumamosi moja mchana. Alimwarifu kila mtu, hata sentineli wa getini, hata mapadri. Aliyesahauliwa ni Papa Munyakazi peke yake.

Papa Munyakazi alikuwa anatoka shambani na jembe lake begani. Akachungulia uwanjani. Akaona wanafunzi wake zaidi ya thelathini wakiyumbayumba, macho juu, mikono imenyooshwa mbele, kila mmoja akielekea upande wake. Mtu mwingine angekimbia, au angeita padri. Yeye, kwa miaka yote aliyokaa uwanjani pale, mikono iliyonyooshwa mbele aliijua kwa maana moja tu. Jembe likaanguka.

"Njo distance gani ile?" akawapazia wa darasa la sita. "Ba sixième, munaaibisha masomo! Mukono inatafuta bega ya mwenzako, haitafute mbingu! Prenez distance!"

Zombi wakajipanga. Naapa kwa chaki yangu, wakajipanga kwa madarasa, wafupi mbele, warefu nyuma, unga usoni, maharagi yakitiririka shingoni. Mmoja, Shekinah, aliyekuwa zombi mkuu, alikuwa amelala chini amekufa kwa mara ya pili. Akainuka, akajipangusa vumbi, akachomeka shati, akaingia mstarini. Mpini wenye simu haukutikisika. Tumukunde alirekodi yote.

Filamu ilionyeshwa ukutani kwenye ukumbi wa parokia, na kicheko cha usiku ule sijakisikia tena. Tulimwogopea Papa Munyakazi, aliyekaa mstari wa mbele bila kutabasamu. Ilipokwisha, akasimama, akamwita Tumukunde. Akasema mstari wa darasa la tatu ulikuwa umepinda, na picha ile lazima irudiwe.

Hivyo ndivyo alivyoingia sinema. Akawa mshauri, mwigizaji, na mwenye kudhibiti mavazi. Alikataa katakata kuchana sare hata moja. Ndiyo sababu zombi wetu ni nadhifu kuliko walimu wengi, nami nikiwemo. Kauli yake ilikuwa fupi: "Hata kama uko mufu, shati inaingia mu pantalon." Katika filamu ya pili, zombi wanavamia darasa langu la hesabu kutafuta ubongo, usiku wa kuamkia mtihani, wanatoka na njaa yao. Maneno yale waliyaandika wanafunzi wenyewe, sina kinyongo.

Si wote waliocheka. Mama Mukandori, wa kamati ya wazazi, alikuja kwenye mkutano na hoja nzito. "Siye tulizika bantu ku hii kilima," alisema. "Muache bafu balale." Wafu hao walikuwa wetu pia, maana katika chumba kile hakuna ambaye hakuwa amezika. Klabu ilikuwa karibu kufungwa. Papa Munyakazi akasimama, kofia mkononi, akazungumza kwa sauti ndogo ambayo hatukujua kwamba anayo.

"Mama, ni kweli," alisema. "Mufu tunamuheshimu. Lakini hawa batoto habakufa. Bamechelewa tu. Kengele ililia, hawakusikia, sasa banatafuta mustari yabo."

Mama Mukandori akauliza kama kuna mtu anayewapikia hao waliochelewa. Tangu siku ile maji ya maharagi yanatoka jikoni kwake, na maharagi yenyewe tunakula baada ya kazi. Neno zombi likaanza kufa shuleni kwetu. Wanafunzi waliwaita ba-retard, waliochelewa.

Halafu vita vikatupita juu, kama mnavyokumbuka, sina haja ya kusimulia. Shule ilifungwa. Familia zilishika kila njia: Buleusa, Kirolirwe, kambini, porini. Tulipofungua tena, Papa Munyakazi aligonga rimu na mistari ikawa mifupi. Kuna darasa lililokuwa na watu watatu, wakanyoosha mikono kwenye mabega kama kawaida, na wa mwisho, aliyeacha nafasi ya mwenzake asiyekuwepo, mikono yake haikuwa na bega la kushika. Niliangalia pembeni.

Aliita majina yote. Yote, na ya wasiokuwepo. Baada ya kila jina lisilojibiwa alisubiri kidogo, kisha akaendelea. Asubuhi zikawa ndefu. Baada ya muda, Papa Jean-Claude alimwomba kwa heshima ayaache yale majina, kwani wakaguzi wanataka idadi ya kweli, na sisi wengine tulikuwa tunaumia kusikiliza. Papa Munyakazi akajibu kwamba idadi ni kazi ya préfet, majina ni kazi yake. "Habakupotea," alisema. "Bamechelewa tu."

Ndipo akamwendea Tumukunde na ombi lake la pekee katika miaka yote ya klabu: filamu ya tatu. Hadithi ni fupi. Zombi wanafika shuleni asubuhi, mmoja mmoja, kila mmoja na kisingizio chake: mto ulijaa, mguu ulibaki njiani, mbuzi amekula sikio. Mkurugenzi wa nidhamu anawapa mifagio. Mwishoni anageukia kamera na kuita majina ya wanafunzi wetu ambao hawajarudi, majina yao ya kweli, kila moja likifuatwa na kimya. Tumukunde alitaka kukata vile vimya, kwamba watazamaji watachoka. Papa alikataa. Alisema mtu anayejibu kutoka mbali anahitaji muda.

Filamu ile haikwenda kwenye ukumbi wowote. Ilikwenda kwa simu hadi simu, kwa kadi za memori, kwa wachuuzi wa samaki, kwa madereva wa pikipiki waliochoka kuchekeshwa na video za mbali. Watu waliicheka huko Buleusa na Kirolirwe wasiwajue waigizaji. Na katikati ya kucheka, wengine walisikia jina lao likiitwa.

Twizeyimana alikuwa wa kwanza. Alitokea getini asubuhi moja wakati wa mstari, mwembamba, begi la plastiki mgongoni. Alinyoosha mikono mbele, akapindua macho, akaja akiyumbayumba uwanja mzima mpaka akagusa bega la mwenzake wa mwisho. Shule nzima ilipasuka kwa kicheko. Papa Munyakazi akamkabidhi ufagio, akatugeuzia mgongo, na akabaki anakagua mlima mpaka kiwanja kilipofagiwa chote.

Wakaja wengine, kila mmoja kwa mwendo uleule. Wengine walituma habari kwamba wameingia shule nyingine, naye akawaaga kwa furaha. Likabaki jina moja, Shekinah, yule zombi mkuu aliyeinuka kutoka mavumbini. Hakuna aliyejua habari zake. Kila asubuhi Papa aliliita. Kila asubuhi kimya. Ninaweza kusema wazi kwamba kustaafu hakumtishi mzee huyu. Kilichomnyima usingizi ni kuondoka huku jina lile halijajibiwa. Alimfundisha mrithi wake kugonga rimu, kukagua kucha, kuvumilia walimu. Kisha alimfundisha kusubiri baada ya jina la Shekinah.

Jana, Ijumaa, alipanga mstari wake wa mwisho. Tulisimama sote, hata walimu, mikono mabegani. Akaita. Akafika kwa Shekinah, akasubiri. Tumukunde, ambaye sasa yuko darasa la sita, akainua juu ile simu yenye kioo kilichopasuka, iliyopokea ujumbe wa sauti alfajiri. Ikatoa sauti ya msichana, na nyuma yake mtoto mchanga akilia.

"Présent, Papa. Niko Goma. Nimeona filimu. Munisamehe, nimechelewa."

Papa Munyakazi alisimama kama mtu anayepiga hesabu. Kumjibia mwenzako ni marufuku. Lakini sauti ilikuwa ya mwenyewe. Akaikubali. Simu mstarini ni marufuku pia. Akainyang'anya, kwa mara ya mwisho katika utumishi wake, na akaishika karibu na mdomo wake ili kurekodi jibu.

"Shekinah," alisema, "retard yako iko ya muda mrefu. Utakuja kufagia kiwanja. Na huyo mutoto umulete, atafagia naye."

Kisha akalia mbele yetu sote, bila kugeukia mlima. Nasi tulilia pia, mistari ikapinda vibaya, na kwa mara ya kwanza hakuinyoosha.

Papa Munyakazi, tunakushukuru kwa kila bega ulilolipatia mkono wa kulishika. Asante kwa mkeo, Mama Emérita, aliyekukopesha kwetu kila asubuhi. Nenda kwenye maharagi yako kwa amani; huko hakuna kengele, amka ukitaka. Na siku moja litaitwa jina lako kwenye mstari ule mwingine ambao sote tutaupanga. Wewe ulitufundisha kuwahi. Safari hiyo, Papa, tunakuomba kitu kimoja: chelewa. Chelewa sana. Tutafagia sisi.

Pétronille Uwitonze,
mwalimu wa hesabu, kwa niaba ya wenzako wote