Historia ya Okdan wa Ukoo wa Heo, Aliyekuwa Malkia

Ndugu na majirani, siku ya sita ya mwezi wa kumi nilikuwa uani nikikata figili za kuchachusha kwa ajili ya baridi, mikono imejaa chumvi hadi viwikoni, askari wa lindo alipoingia na mzigo wa kuni za msonobari, akaniambia, "Mama, zimetoka kwa wakubwa, washa moto chini ya sakafu, chumba cha mdogo wako kipate joto hasa." Kwa miaka miwili tulikuwa tukipewa kuni za kupikia tu, kwa hiyo nilishukuru, nikaacha figili, nikawasha.

Mimi ni Sunbun, dada mkubwa wa marehemu, na ninasoma kwa sababu kaka yetu Jeongmu sauti imemkauka.

Marehemu Okdan alizaliwa siku ya tisa ya mwezi wa pili, Mwaka wa Sungura, hapa Seokgol, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa Mwalimu Heo na mkewe, ambao wote wametangulia. Kusoma alijifunzia nyuma ya pazia, baba akimfundisha kaka mbele yake, na yeye ndiye aliyeshika haraka, tukawa tunamtania kwamba ataolewa na kitabu.

Mwaka wa Mbuzi, akiwa na miaka kumi na saba, alichukuliwa kasrini Hanyang kuwa mke mdogo wa Mfalme, na tarehe tatu ya mwezi wa nne, Mwaka wa Jogoo, baada ya malkia wa kwanza kufariki, alivishwa taji. Kazi yake huko ilikuwa kuongoza wanawake wa kasri, kulisha viwavi wa hariri kila masika, na kumnyamazia mama mkwe, na hiyo ya tatu hakuiweza. Mwaka wa Mbwa alijaliwa mtoto mmoja, wa kiume.

Masika ya Mwaka wa Ng'ombe mtoto aliugua ndui. Kila mama hapa anajua kwamba ndui ni mgeni, hafukuzwi, anasindikizwa siku ya kumi na tatu kwa farasi wa majani makavu aliyebebeshwa chakula cha safari, anayeachwa nje ya lango. Kasrini waganga wa mizimu wamepigwa marufuku, na malkia hatoki, basi alimwingiza mganga kwa mlango wa jikoni, na farasi akamfukia chini ya ukuta wa nyuma. Mtoto alipona. Bibi Kwak, mke mdogo aliyekuwa akimtakia mwanawe kiti cha enzi, aliambiwa na kijakazi, akaenda moja kwa moja kwa mama mkwe, na farasi alipofukuliwa walisema ni uchawi wa kumuua Mfalme. Siku ya kumi na moja ya mwezi wa nane marehemu alivuliwa taji, akarudishwa hapa chini ya ulinzi, mtoto akabaki kule.

Niliwahi kumgombeza, "Kwa nini hukumwacha nje ya lango kama watu wote?" akanijibu, "Lango lipi, Dada? Mimi nilikuwa na kuta tu."

Vuli hii maofisa wachache waliandika kuomba arudishwe, kwa nia njema, na barua yao ndiyo iliyomuua, maana upande wa Bibi Kwak uliona kwamba mtoto akija kutawala mama yake angali hai, hawatakuwa na pa kujificha.

Ugonjwa hakuwa nao. Mjumbe aliingia adhuhuri na kikombe cha sumu ya kifalme, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba sumu ile hufanya kazi upesi mwili ukiwa na joto. Moto niliuwasha mimi, nimeuandika humu ili usisemwe pembeni. Amri ilisema akiinama kuelekea kasrini na kunywa bila kumlaani Mfalme, ukoo utaachwa, akilaani, kaka atanyongwa na watoto wetu watakuwa watumwa wa serikali.

"Majina yao yameandikwa?" aliuliza.

"Yameandikwa, Mama."

"Soma."

Mjumbe akasoma.

"La mwisho umelimeza, mzee. Rudia."

Akarudia.

"Haya. Hata asali hamkutia?"

Aliinama mara nne, akanywa yote, bila neno. Alikuwa na miaka ishirini na mitano kwa hesabu yetu, ambayo mwaka wa kuzaliwa ni wa kwanza, na Mwaka wa Sungura uliomzaa ulikuwa umerudi mara ya pili. Ameacha mwana wa miaka sita, ambaye bado hajaambiwa.

Tunamshukuru tabibu aliyeichanganya sumu kali, kikombe cha pili hakikuhitajika, askari wa lindo aliyegeuka ukutani asimtazame, wanawake wa kasri waliotuma kitambaa cha sanda bila kutaja majina, na ninyi majirani mliokuja ingawa mlionywa.

Okdan, mdogo wetu, tua mzigo, ulale.

Wali wa shayiri na supu ya maharage vimeshapakuliwa. Jeongmu yupo na mkewe na binti yao, mume wangu yupo, wanangu Gapdol, Ogi na Kkeutsun wapo, nimewahesabu mara mbili, wote saba. Karibuni mle kabla havijapoa.