Barua ya Ruhusa ya Mervyn Haddrill

Mchungaji, ndugu na majirani, watu wa Wirrabilla, na nyinyi wa Kooramin mliokaa upande wa dirishani kama kawaida yenu, familia ya Haddrill inawashukuru kwa kufika, na inawaomba mkae vizuri, maana historia hii si fupi na mabenchi ya kanisa hili mnayajua.

Marehemu Mervyn Arthur Haddrill alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 hapa Wirrabilla, katika nyumba ya mabati nyuma ya kituo cha treni, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Arthur Haddrill, fundi wa reli, na marehemu Edna, na aliyemtangulia ni dada yake Thelma, ambaye ndiye anayewasomea, mwenye umri wa miaka themanini na sita na miwani ya kuazima.

Alisoma shule ya msingi ya hapa kuanzia mwaka 1944 hadi 1951, akaacha akiwa anajua kusoma, kuandika na kuhesabu magunia, na tarehe 2 Februari 1953 aliajiriwa kwenye ghala la ngano, ambako alifanya kazi miaka arobaini na mitano, akivuta vumbi ambalo tutalitaja tena huko mbele.

Maisha ya Merv hayaelezeki bila kuielezea Ligi ya Reli, ligi yetu ya raga, iliyoanzishwa mwaka 1923 ikiwa na klabu nane, kila kituo na klabu yake, kila klabu na wanaume wake kumi na watatu, kwa sharti kwamba klabu itakayoshindwa kutimiza kumi na watatu Jumamosi tatu mfululizo inafutwa. Pell's Crossing walifutwa mwaka 1931, ukame ulipowamaliza kondoo na wenye kondoo wakahama, Dunlow walifutwa mwaka 1942 vijana wao wakiwa vitani, Arden Creek na Mossley waliungana mwaka 1958, wakagombana juu ya rangi ya jezi, wakafa pamoja mwaka 1960. Kwa hofu hiyo ligi ilikuwa na sheria ya barua, kwamba mchezaji hahami klabu mpaka apewe barua ya ruhusa yenye sahihi mbili, ya mwenyekiti na ya katibu, kabla ya tarehe 30 Juni, na asiye na barua hapokelewi na klabu yoyote, iwe ya jirani au ya Sydney.

Merv alianza kuichezea Wirrabilla tarehe 5 Mei 1956, na nafasi yake ilikuwa katikati ya skramu, ule msukumano wa timu mbili kugombea mpira, mahali ambapo mikono yako imefungwa mabegani mwa wenzako wawili, kichwa kimebanwa kati ya vichwa vya maadui, wengine wanakusukuma kwa nyuma, na kilicho huru ni mguu mmoja tu wa kuchotea mpira, na kwa mguu huo hapakuwa na mtu wa kumfikia kuanzia hapa mpaka mwisho wa reli.

Aprili 1962 alikuja mtu wa klabu moja kubwa ya Sydney, amevaa koti jeupe kwenye uwanja wetu wa vumbi, akamwambia, "Kijana, leta barua tu, kazi ipo, kitanda kipo, jezi ipo", na Merv, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, alirudi nyumbani akicheka peke yake. Mwenyekiti wa klabu alikuwa marehemu Les Quilty, mwenye bucha, na katibu alikuwa Thelma, kwa sababu alikaa kaunta ya posta na mwandiko wake ulisomeka. Mji mzima ulimtania Merv, "Wee Merv, ukienda Sydney, nani ataingiza kichwa mle ndani, mama mkwe wangu?", na yeye aliwajibu, "Mlete tu, ana shingo nene kuliko wewe."

Tarehe 30 Juni ikafika, barua haikutoka. Alipomuuliza dada yake, aliambiwa maneno mawili, "Mwenyekiti hataki." Mwaka uliofuata aliomba tena, akajibiwa yale yale, na mwaka wa tatu hapakuwa na mtu wa kuja kumwangalia. Tangu hapo Merv hakununua hata soseji kwa Quilty, alifuata nyama Kooramin, kilomita thelathini kwenda na thelathini kurudi, na watu wazima mlikuwa mkimzomea Quilty uwanjani, "Mchinjaji! Umemchinja Haddrill!", naye alivuta kofia yake chini.

Safari hizo za nyama zilimkutanisha na Coral Pascoe, aliyekuwa akipima nyama kwenye bucha ya baba yake, wakafunga ndoa tarehe 10 Oktoba 1964 huko Kooramin, baada ya fainali kupita, kwa kuwa Kooramin ni wapinzani wetu wa ligi na mzee Pascoe alisema, "Binti nimekupa, lakini Jumamosi ya mechi usinipandie barazani kwangu." Mungu aliwajalia watoto wawili, Glenys mwaka 1966 na Rodney mwaka 1968, mwaka huo huo ambao Edna, mama yao Merv na Thelma, alifariki, baada ya kulala kitandani miaka minane na kiharusi, akigeuzwa asubuhi na jioni na watu wawili, mmoja kichwani, mmoja miguuni, maana mtu mmoja hamwezi.

Quilty alifariki tarehe 19 Agosti 1979, na klabu ikamchagua Merv kuwa mwenyekiti, akakabidhiwa sanduku la karatasi za Quilty, akalipeleka nyumbani, na hakusema alichokikuta humo, ila Coral anakumbuka kwamba Jumamosi iliyofuata alikwenda makaburini na kofia mkononi, na hakurudi kununua nyama Kooramin tena.

Mwaka 1986 Rodney alimletea baba yake barua ya kuhamia mjini. Merv, aliyejua kuliko wote uchungu wa jambo hilo, aliitia mfukoni mwa shati akakaa nayo wiki saba, kwa kuwa Wirrabilla walikuwa wamebaki kumi na watatu kamili, na kwa wiki saba Coral alimwekea sahani mezani akaenda kulia chakula chake jikoni, mpaka siku moja alipomwambia, "Merv, umekuwa Quilty." Alijibu, "Quilty hakuwa Quilty", jibu ambalo Coral hakulielewa, kisha Merv akatia sahihi, akamletea Thelma barua posta atie ya katibu, akasimama pale kaunta mpaka wino ulipokauka. Jumamosi iliyofuata alivaa viatu vyake akiwa na miaka arobaini na minane, akaingiza kichwa katikati ya skramu ili hesabu itimie, akavunjika mfupa wa bega.

Klabu ilifutwa tarehe 12 Juni 2004, na Merv ndiye aliyefunga geti. Coral alisema, "Haya, sasa huna kisingizio, twende Sydney kwa mwanao." Walikwenda, wakakaa siku kumi na moja, akarudi akisema kule watu hawajui kusalimia na uwanja ule hata si mkubwa.

Vumbi la ngano lilianza kumbana mapafu mwaka 2015, akawa mtu wa mtungi wa hewa, na tarehe 6 Agosti 2019, saa nne asubuhi, alifariki katika hospitali ya wilaya, Coral akiwa kando yake.

Juzi Coral alifungua kopo la biskuti la Merv na kumletea Thelma alichokikuta. Ni barua ya ruhusa ya Mervyn Arthur Haddrill, ya mwaka 1962, ina sahihi ya Les Quilty ya tarehe 30 Aprili, na mahali pa katibu ni peupe. Quilty aliisaini mapema, akaileta posta, na katibu akamrudishia, akamwambia, "Iweke sandukuni kwako, mimi peke yangu siwezi kumgeuza Mama", na Quilty akasema, "Wewe ndiye dada yake", akaondoka nayo, akazomewa miaka kumi na saba bila kumtaja mtu. Nyuma ya barua pana maneno ya Merv kwa penseli, ya mwaka 1979: "Bado Thel." Kwa hiyo alijua, na kwa miaka arobaini alikula kondoo wa Jumapili mezani kwa dada yake, akaomba aongezewe mchuzi, na hakuuliza.

Watoto wa Quilty waliopo hapa, baba yenu hakumchinja mtu.

Familia inamshukuru Daktari Wickramage na wauguzi wake, majirani zetu akina Tibbett waliokata nyasi bila kuombwa, wafanyakazi wa ghala la zamani na wapya, na akina mama wa Kooramin kwa pai zao, ambazo, kusema kweli, chumvi imezidi.

Barua iko ndani ya jeneza, mfuko wa kushoto wa koti. Katibu ameisaini leo, tarehe 13 Agosti 2019, saa mbili asubuhi, na Juni 30 imepita mara hamsini na nane.

Nenda kwa amani, Merv. Una ruhusa.