Kumnoa Kreni

Benchi letu la kahawa liko kati ya kinyozi na fundi viatu, na asubuhi ile wote wawili waliacha wateja ili wamnoe Kreni. Hilo ni jina la kazini: miaka kumi na moja aliendesha kreni, mpaka tofali lilipomwangukia kichwani. Tangu hapo anasahau. Saa nne alitakiwa hospitali, kwa mtaalamu anayepima kumbukumbu na kuwabaini wanaojisingizia. Akionekana mwongo, Jumatatu anarudishwa juu, anyanyue vyuma vya tani mbili juu ya vichwa vya wenzake.

Kinyozi: Binamu yangu alipimwa palepale. Unaonyeshwa picha hamsini: kijiko, ngazi, mwavuli. Kisha zinaletwa mbilimbili, uchague uliyoiona.

Fundi Viatu: Basi achague nyingine.

Kinyozi: Mara ngapi?

Fundi Viatu: Zote hamsini! Ukikosa nusu, watasema unabahatisha. Ukikosa zote, huo ndio ugonjwa kamili.

Kinyozi: Na jina lake asilijue.

Fundi Viatu: Amwite daktari mama!

Kinyozi: Aingie kavaa viatu mikononi!

Kreni: Jamani, mimi siigizi. Juzi nimepotea nikitoka dukani kurudi kwangu.

Fundi Viatu: Ukisema kwa upole hivyo nani atakuamini? Lia kidogo, kaka.

Kinyozi akatoa kitana mfukoni, akakionyesha, akakificha. Kisha akaleta kitana na brashi.

Kinyozi: Umeona kipi?

Kreni: Kitana.

Kinyozi: Ah, umeharibu! Sema brashi!

Mkewe Kreni akafika na barua ya hospitali na shati lililopigwa pasi. Alikuwa amesikia.

Fundi Viatu: Shemeji, usihofu. Tumeshamfundisha kukosa zote.

Mke: Zote hamsini?

Fundi Viatu: Bila kupata hata moja.

Mke: Sasa shemeji zangu, ili asiiguse iliyo sahihi hata mara moja, si lazima azikumbuke zote?

Fundi Viatu akaanza kutafuta sindano aliyokuwa ameishika. Kinyozi akakitazama kitana chake, jino kwa jino.

Kinyozi: Kaka, kajibu tu unavyojua. Tusamehe.

Kreni akavaa shati, vifungo vyote sawasawa. Kisha akakitazama kikombe chake, kikavu.

Kreni: Lakini nyie watu! Tangu nifike, hata kahawa hamjanipa?

Alikuwa amekunywa vikombe vitatu. Kinyozi akachukua kikombe chake mwenyewe, ambacho hakuwa amekigusa, akammiminia.