Loy Nerima, Mpiga Picha wa Jioni za Majanji

Tarehe 30 mwezi huu, Bi. Loy Nerima anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja akiwa mpiga picha wa jarida letu hapa Busia. Amepiga picha za mikutano, mavuno kule Petta, harusi za wafanyakazi wenzake na sura zetu zote, hata zile tulizomwomba azifute.

Kazi aliyoipenda zaidi ilikuwa mwaloni Majanji, pale boti za uvuvi zinapotia nanga, jua likizama. Aliisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, akaacha lenzi wazi nusu dakika. Ziwa lilitoka laini kama ukungu, na taa za boti za mukene, wale dagaa wa ziwani, zikachora mistari ya dhahabu majini. Aliyepita mbele ya kamera hakuonekana kabisa. Mwenyekiti wa mwalo, Mzee Maloba, alikuja ofisini kulalamika kwamba amefutwa.

"Mzee, kamera hii inaona mtu ametulia," Loy akamjibu. "Wewe ulikuwa unakwenda tu."

Jioni iliyofuata mzee alisimama wima kama nguzo, na picha yake ikatoka safi.

Mwaka 2019 boti moja haikurudi. Asubuhi wanaume walikuwa wakijiandaa kutafuta kwenye maji makuu, boti zote zilikoelekea jana yake. Loy akafika na picha zake za jioni ile. Agwang, mchuuzi wa samaki ambaye mumewe alikuwa katika boti hiyo, aliitazama ya mwisho kwa muda mrefu.

"Hii taa moja imeenda wapi?" akauliza.

Mistari mingine yote ilinyooka kuelekea ziwani. Mmoja, mfupi, ulipinda kuelekea kwenye mafunjo. Injini ilikuwa imezimika na upepo ulikuwa ukiisukuma boti. Watafutaji wakageuza njia, na kabla ya saa sita mchana wakawapata wavuvi wote wawili wameshikilia boti iliyopinduka, wako hai.

Tulimpongeza, hakufurahi. "Niliuona mstari huo jana," alituambia. "Nikasema ni mzuri, nikaenda nyumbani."

Tangu siku hiyo hakuondoka Majanji kabla ya kukaa na wavuvi waliobaki ufukweni, wakazipitia picha pamoja, taa baada ya taa. Hakuna aliyemtuma. Hakuwahi kuandika jambo hilo katika ripoti zake, ndiyo maana tunaliandika hapa.

Sasa anahamia Iyolwa kulima na dada yake. Loy, asante kwa kazi, na asante zaidi kwa kurudi kutazama mara ya pili. Mungu akupe afya, mvua ya wakati wake na wageni wengi. Sisi tutakuwa wa kwanza kubisha hodi.