Gurudumu la Wenyewe

Pale Kalenga, ukishaiacha njia ya kwenda kwenye makumbusho ya Mtwa Mkwawa, kuna benchi refu la mti wa mkaratusi, na mbele ya benchi kuna gurudumu la gari limelazwa chini. Juu ya gurudumu kuna sinia, juu ya sinia kuna birika la kahawa la Mwanakhamisi. Wageni hudhani gurudumu ni meza. Wenyeji wanajua ni amana. Kila siku baada ya swala ya alasiri Mwanakhamisi hulifuta vumbi kwa kipande cha kanga mpaka ringi yake ya rangi ya dhahabu ing'ae kidogo, ndipo anaweka sinia, anamimina kahawa, na wanaume watatu wa benchi lile wanaanza kugombana. Mzee Danieli wanamwita Redio, maana habari hazimpiti. Didas wanamwita Gia, fundi wa pikipiki. Anord ni Mheshimiwa. Amegombea uenyekiti wa kitongoji mara nne na mara zote nne ameshindwa, lakini jina la cheo amelishika.

Ijumaa ile Redio alifika mbio, simu mkononi, hata salamu akaisahau.

— Wanarudi!

— Nani? Ng'ombe? — Mheshimiwa akageuka haraka kutazama shamba lake la mahindi.

— Ng'ombe gani! Subaru! Imeandikwa hapa. Kampuni yenyewe kule Japani, huenda ikarudi kwenye rali ya dunia. Miaka yote hii haipo, sasa huenda ikarudi.

Mkono wa Mwanakhamisi ulisimama hewani, birika limeinama, na kahawa ikajaa kikombe cha Gia ikamwagikia mapajani mwake.

— Mama Muharami, unaniunguza!

— Samahani baba. Hebu rudia, mzee Danieli. Wanarudi lini?

— Hawajasema lini. Wameandika huenda.

Mwanakhamisi akaketi kwenye kigoda chake. Kwa wengine ile ilikuwa habari ya magari. Kwake ilikuwa habari ya kwenda au kubaki. Mwanawe Muharami anaishi Mbeya, na mke wake Ikupa alikuwa na mimba ya kwanza, imebaki mwezi. Mara tatu Muharami amepiga simu: mama, njoo umpokee mjukuu wako. Na mara tatu mama amejibu: nikija, nani atalinda gurudumu la watu? Moyo wake ulikuwa umeshafika Mbeya zamani, umebeba hadi vitenge vya kumfungia mtoto. Miguu ndiyo iliyobaki Kalenga.

Maana gurudumu aliliacha mzungu wa rali. Muharami alikuwa na miaka sita. Magari yalipita siku ile kama radi, na moja, Subaru, likaingia mtaroni, hapo hapo lilipo benchi. Wanaume wakalibeba kwa mikono, wakalirudisha barabarani. Tairi lilikuwa limepasuka. Wazungu wawili wakafunga jingine kwa haraka ya ajabu, na lile bovu likabaki chini. Mmoja akamshika bega Habibu, mume wa Mwanakhamisi, akalionyesha gurudumu, akajigusa kifua, akasema maneno yake, akaingia garini, vumbi. Habibu akageuka kwa mkewe, uso wote meno. Mpaka leo Mwanakhamisi anaisikia sauti ile:

— Mwana, amesema nimtunzie, atarudi!

Na Habibu akatunza. Alipougua, kabla ya kuomba maji, aliomba apelekwe nje alione. "Mwana, usilitupe. La wenyewe hilo." Ikawa basi.

— Mimi najua kwa nini wanarudi — alisema Gia, akijipangusa kahawa. — Wanafuata gurudumu. Fikiria mwenyewe. Gari moja magurudumu manne na la akiba la tano. Wamefika Japani, wamehesabu, moja halipo. Bosi kauliza liko wapi, watu wanatazama chini.

— Kabisa — alisema Mheshimiwa. — Ndiyo maana waliacha hata hiyo rali. Aibu. Huwezi kushindana na dunia nzima wakati una gurudumu Kalenga.

— Hapa wameandika ni mambo ya kanuni mpya — alisema Redio.

— Hayo ni ya kwenye gazeti. Kampuni kubwa haiwezi kuandika kwamba imesahau gurudumu kwa Mama Muharami.

— Na siyo gurudumu tu — Gia akapandisha sauti. — Ni udongo ulioko kwenye yale meno ya tairi. Wamejaribu udongo wa nchi zote, gari inateleza. Wa Kalenga haujateleza. Wakiupata huo wanaupima, wanatengeneza tairi, hakuna wa kuwakamata tena.

— Uliteleza, Didas — alisema Mwanakhamisi. — Gari liliteleza likaingia mtaroni. Wewe mwenyewe ulilibeba.

— Nilibeba mbele! Upande wa injini!

— Mbele nilibeba mimi — alisema Mheshimiwa. — Wewe ulikuwa kijana mwembamba, umeshika antena.

Wakacheka mpaka Redio akapaliwa na kashata. Lakini Mheshimiwa alipomaliza kucheka alivua kofia yake, na hiyo ni ishara kwamba anataka kuhutubia.

— Ndugu zangu, hapa Kalenga ni pa namna gani? Wajerumani walichukua kichwa cha Mtwa Mkwawa wakaenda nacho kwao. Babu zetu wakakidai, wakakidai, zaidi ya miaka hamsini. Kikarudi, kipo pale juu kila mtu anakiona. Sasa sisi, sisi hasa, tukae na kitu cha mtu? Watu wa Japani waje, wakute Mama Muharami kahamia Mbeya, gurudumu kalichukua muuza vyuma chakavu? Tutaitwaje?

Mwanakhamisi akatazama chini. Aliona basi la Mbeya likiondoka Iringa bila yeye, na mtoto akipokewa na mikono mingine.

— Basi sitakwenda — alisema polepole. — Nitampigia Muharami. Mpaka hao watu waje.

— Umesema vyema, mama — alisema Gia haraka, akisogeza kikombe kijazwe tena.

Ndipo bodaboda ikasimama, akashuka mwanamke mwenye tumbo kubwa na mkoba mgongoni. Akatazama benchi. Wanaume watatu wameketi wameachia miguu, hakuna aliyesogea. Akainua sinia pamoja na birika lake, akaliweka mapajani mwa Mheshimiwa, akaketi juu ya gurudumu.

— Dada! Simama! — Gia akaruka. — Hapo hapakaliwi!

— Nimetoka Mbeya kwenye basi tangu alfajiri, kaka. Nisimame tena?

— Hilo ni gurudumu la Subaru! La rali ya dunia!

— Na huyu aliyeko tumboni ni mjukuu wa Habibu — alisema yule mwanamke, akimgeukia Mwanakhamisi. — Shikamoo, mama. Umekataa kuja kwa simu, nimekuja kukuchukua kwa miguu.

— Marahaba, Ikupa, mwanangu! Na hali hiyo! Muharami amekuruhusu?

— Muharami anajua niko sokoni.

Mwanakhamisi alicheka bila kutaka, akamkumbatia, akammiminia kahawa yenye tangawizi nyingi. Ikupa akapokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa "ndaga" ya kwao, akanywa. Wanaume wakamsimulia yote kwa pamoja, kila mmoja akimkatiza mwenzake: mtaro, mzungu, bega, ahadi, bosi wa Japani, udongo, na kwamba mama hawezi kuondoka kwa kuwa mzungu alisema atarudi. Ikupa alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza choo kiko wapi:

— Alisema kwa lugha gani?

Bodaboda iliyomleta ilisikika ikiondoka, ikapanda kilima, ikapotea.

— Lugha gani? — alisema Redio. — Lugha yao.

— Ipi?

— Kizungu — alisema Gia.

— Baba Muharami alikuwa anajua Kizungu?

Wote wakamtazama Mwanakhamisi. Naye akamtazama Habibu, yule wa miaka ile, uso wote meno, vumbi kwenye nyusi. Habibu wake alijua Kiswahili, Kihehe cha sokoni, na sala zake. Kizungu alijua "yesi," na alimjibu nacho kila mtu. Mzungu angeweza kusema asante. Angeweza kusema tupa hilo bovu. Habibu alisikia atarudi, kwa sababu yeye mwenyewe angerudi.

Kicheko kikaanza tumboni, kikapanda, Mwanakhamisi akafunika uso kwa kanga, mabega yakamtetemeka, machozi yakamtoka.

— Mwongo mkubwa, mume wangu! Ya Rabi! Miaka yote namfutia vumbi tairi la pancha!

Benchi likaingiwa na hofu. Waliona birika likiondoka.

— Kiswahili! — Mheshimiwa akasema. — Alisema Kiswahili, mimi nilikuwepo!

— Kabisa, cha Tanga! — alisema Redio.

— Kihehe! — Gia akasimama kabisa. — Alisema Kihehe safi, alianza na salamu, kamwene!

— Kaeni chini, baba zangu — alisema Mwanakhamisi, akijifuta macho. — Awe alisema yeye au alisema Habibu, ahadi ni ahadi. Nyinyi mlilibeba gari, nyinyi mtalilinda gurudumu. Didas utafuta vumbi. Mzee Danieli utasoma habari. Mheshimiwa utawapokea wageni wakija, hotuba unayo. Mimi kesho naondoka na mwanangu.

— Na kahawa? — wakauliza wote watatu.

— Birika nawaachia. Nani anajua kukoroga?

Wakatazamana. Hakuna aliyejua hata maji yanaanza au tangawizi inaanza. Mheshimiwa akainua birika kutoka mapajani mwake, akalitikisa sikioni. Tupu.

— Mama Muharami — alisema kwa sauti ndogo, ile asiyoitumia kwenye kampeni — na wewe utarudi?

Mwanakhamisi alikuwa ameshamwinua Ikupa, ameshika mkoba wake, wanaelekea nyumbani kufunga vitenge.

— Mimi siyo Subaru, Anord — alisema bila kugeuka. — Mimi sina huenda. Mtoto akikaa, narudi. Naye nitamketisha hapo hapo juu ya gurudumu, na nisisikie mtu anamwambia asimame.